Gunia la Chumvi la Baba

Watoto wa Shangazi walipomaliza kugawana masufuria, makarai na kitanda, waliniuliza mimi nataka nini. Nikasema nataka mwiko. Wakatazamana. Nadhani waliona msiba umenichanganya, maana mwiko wenyewe ni wa mti, mrefu, umeungua nchani, na jiko la siku hizi la kuutumia halipo. Nikaupata bila ugomvi. Nilipofika nao kwangu Mbinga mjini nikauweka stoo. Siku ya tatu, nyumba ikiwa tupu, nikaingia humo, nikafunga mlango, nikaulamba. Ndiyo, nimesema nikaulamba, mwanamke mzima mwenye miwani! Ulikuwa bado una chumvi. Nikakaa juu ya gunia la maharage nikalia, na pale kaburini sikuwa nimelia hivyo.

Nyie wa rika langu mtanielewa, hasa wale mliohamishwa nyumba hii kwenda nyumba ile. Zamani mtoto hakuulizwa kitu. Wakubwa walikaa uani wakanong'ona, na kesho yake ukakuta nguo zako zimefungwa kwenye kanga. Mama yangu alifariki wakati wa mvua. Mdogo wangu, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni, alichukuliwa na bibi mzaa mama, nikabaki mimi na Baba na kahawa yetu. Tulipika wawili, tukaunguza maharage wawili, tukayala. Mimi niliona tunaendelea vizuri. Kisha kahawa ikaanza kuiva, na Baba akasema tunashuka ziwani kumsalimia dada yake. Alisema kusalimia. Kwa hiyo sikuaga mtu.

Tulipofika Mbamba Bay, Baba aliingia dukani kwa Mzee Hemedi, mfanyabiashara wa kutoka pwani ambaye kofia yake sikuwahi kuiona ina doa, akanunua gunia zima la chumvi. Kwetu mtu hapeleki mtoto kulelewa mikono mitupu. Mimi hilo sikulijua, nikadhani ni zawadi ya kusalimia tu, nikaona Baba yangu ni mkarimu kweli. Alilifunga gunia kwenye baiskeli ya kuazima, tukaisukuma kandokando ya ziwa mwendo wa kama saa moja mpaka kijijini kwa Shangazi. Joto lilikuwa limenishika vibaya. Nilikuwa nimevaa sweta, kwa sababu nyumbani asubuhi ile tulitoka kukiwa na ukungu.

Kesho yake nikamwona Baba anavaa viatu peke yake. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamshika suruali kwa mikono yote miwili, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Baba akachuchumaa, akanionyesha ndani, kwenye kona ya stoo, lile gunia limesimama juu ya mawe matatu lisiguse unyevu. Akasema, "Mena, unaliona gunia lile? Chumvi ile ikiisha tu, nitakuwa nimefika. Umesikia, mama?" Nikasikia. Nikaachia suruali. Sikujiuliza atajuaje huko mlimani kwamba chumvi imekwisha. Baba yangu alikuwa anajua mvua itanyesha kabla haijanyesha, atashindwaje na gunia?

Shangazi Imelda alikuwa dada mkubwa wa Baba. Aliolewa ziwani akiwa msichana, mumewe akafariki, watoto wake wawili wakaenda Songea kutafuta maisha, akabaki na nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje na vichanja sita vya kuanikia samaki. Hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi aliniambia "Amka", jioni "Kalale", na katikati ya hayo mawili alinielekeza kazi kwa kidevu. Sikumwona mbaya. Nilimwona mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie, naye anangoja mwenye mtoto arudi, kama mimi.

Upweke wa mtoto ni kitu cha ajabu, kwa sababu mtoto mwenyewe halijui jina lake. Mimi nilidhani naumwa tumbo. Kila jioni, ziwa likianza kubadilika rangi na kina mama wakiita watoto wao, tumbo langu lilikuwa linashuka, linashuka, halifiki chini. Nikamwambia Shangazi tumbo linauma. Akanichemshia majani machungu nikanywa kikombe kizima. Nikaharisha siku mbili, na lile lililokuwa linauma likabaki palepale.

Shuleni ndiyo usiseme. Wenzangu walizungumza Kinyasa mpaka kengele ilipogonga, mbele ya mwalimu wakazungumza Kiswahili, kengele ikigonga tena wanarudi kwenye Kinyasa chao. Mimi nilikuwa na Kimatengo changu, nikifungua mdomo tu wanaangua kicheko. "Huyo wa mlimani, huyo!" Nikabaki na Kiswahili, tena cha darasani, cha "mwalimu naomba kutoka nje". Huwezi kucheza kombolela kwa Kiswahili cha kuomba kutoka nje. Wakati wa mapumziko nilikaa nyuma ya choo cha walimu na kuhesabu mijusi. Nilimjua mmoja asiye na mkia.

Kazi ya Shangazi ilikuwa usipa, hao dagaa wetu wembamba wa ziwa hili. Mitumbwi ilirudi alfajiri, kina mama wakaenda na mabeseni, na jua likichomoza Shangazi alishawasha moto chini ya pipa lililopasuliwa nusu. Maji ya ziwa, chumvi, kuni. Yakichemka, usipa wanaingia kidogo tu, wanatolewa kwa ungo, wanatandazwa kwenye vichanja. Wengine waliwaanika wabichi mchangani, ni rahisi zaidi, lakini wanunuzi waliotoka Liparamba waliulizia wa Mama Imelda, kwa sababu wa kwake hawakuvunjika wala kunuka njiani. Ila ilibidi maji yawe yamekolea chumvi sawasawa, na Shangazi hakupima kwa kikombe wala kwa kuonja. Alipima kwa sikio.

"Sikiliza," aliniambia siku ya kwanza aliponipa mwiko. Tangu nifike hakuwa amenieleza kitu kwa kirefu. "Mwiko ukipita kimya, maji bado yana njaa. Ongeza chumvi. Ukianza kukwaruza chini, yameshiba. Yakishiba, acha. Hata utie gunia zima hayachukui tena, unajisumbua."

Kuanzia hapo kuchota chumvi stoo na kukoroga ikawa kazi yangu. Ilikuwa chumvi ya mawe, ya kijivukijivu, punje kubwa kama mahindi yaliyoparazwa. Nikatia bakuli la kwanza. Zikazama, zikakwaruza, nikakoroga, kukwaruza kukapungua, kukapungua, kimya. Nikachungulia. Hakuna! Bakuli zima la chumvi limetoweka mbele ya macho yangu, na maji ni yaleyale. Moyo ukaniruka. Kumbe kuimaliza ni rahisi hivi! Nikapiga hesabu zangu za kitoto, nikaona mpaka sikukuu ya Noeli Baba atakuwa amefika.

Nikaanza kumsaidia. Kwanza kwenye mboga. Kisamvu changu kikawa hakiliki. Shangazi alitia tonge la ugali wa muhogo mdomoni, akatafuna mara mbili, akalitema mkononi.

"We Mena! Huko mlimani kwenu mlikuwa mnalamba mawe?"

"Hapana, Shangazi."

"Mimi natoka hukohuko, usinidanganye. Mkono wako unatetemeka au una ugomvi na kisamvu changu?"

Mboga nikaiacha, nikahamia kwenye pipa. Nilikuwa natia mpaka mwiko unakwaruza, kisha naongeza bakuli jingine. Chumvi ile ya ziada haikutoweka. Ilikaa chini, inanitazama. Nikakoroga mpaka mabega yakawaka. Inakwaruza tu. Nikakumbuka chai ya Baba: sukari nyingi ukiitia kwenye chai iliyopoa inalala chini ya kikombe, lakini chai ikiwa ya moto inaimeza yote. Aha! Dawa ni moto. Nikasukuma kuni zote chini ya pipa, maji yakatokota yakanirukia mikononi, nikakoroga huku nalia kwa moshi. Kra, kra, kra. Chumvi haikujali.

"Unakwangua pipa langu!" Shangazi akaita kutoka kwenye vichanja. "Nimekwambia yameshiba! Utayalazimisha?"

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu wa kemia akatuchorea ubaoni mistari miwili. Mstari wa sukari ulipanda kadiri maji yalivyozidi kupata moto, ulipanda kama njia ya kwenda kwetu mlimani. Wa chumvi ulijilaza, ukanyanyuka kidogo tu mwishoni. Akasema maji yasiyoweza kuchukua zaidi yanaitwa mmumunyo uliokolea. Mimi nikacheka peke yangu, kwa sauti. Nilikumbuka zile kuni za Shangazi. Akanitoa nje.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Lililonivunja lilikuja mwisho wa wiki. Maji ya chumvi yaliyobaki Shangazi hakuyamwaga. Aliyachuja, akayagawa kwenye makarai mapana, akayaweka juu ya mawe juani, na kuyafunika kwa kipande cha wavu kuku wasichafue. Nikapita hapo siku nne bila kujali. Siku ya tano nikamkuta amechuchumaa na kijiko, anakwangua. Maji yalikuwa yamekwenda, na chini ya karai kulikuwa na chumvi. Nyeupe kuliko tuliyoitia, imejipanga vipande vidogo vyenye pembe nne. Alijaza bakuli, bakuli jingine, la tatu, la nne. Kisha akanipa. "Karudishe kwenye gunia."

Nikasimama nalo. "Shangazi, hii si ilikwisha?"

"Iishe iende wapi? Ilikuwa imo tu ndani ya maji."

Jamani. Nilirudisha chumvi kwenye gunia kwa mikono yangu mwenyewe, bakuli baada ya bakuli, na kila bakuli nililomimina nilikuwa namrudisha Baba nyuma. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikauma mkono wa sweta langu nisisikike.

Siku tatu nilikaa nikifikiri. Nilihitaji maji ambayo hakuna mtu atayaanika juani akakwangua. Na maji hayo nilikuwa nayatazama kila siku.

Asubuhi nilikuwa naenda ziwani kuosha vyombo. Nikaanza kubeba bakuli la chumvi chini ya masahani. Nikifika naingia mpaka magotini, nazamisha bakuli, nafungua vidole. Basi. Hapakuwa na mwiko wala kukwaruza. Ziwa lilichukua bakuli la kwanza, la kesho, la keshokutwa, halikusema kitu. Nilikuwa naonja kila mara: maji matamu yaleyale. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nikaanza kuogopa. Ikiwa pipa lilishiba, ziwa nalo litashiba siku moja. Watu wataamka waikute chumvi imelala chini, kina mama watachota maji yasiyonyweka, samaki watakufa, na wote watasema ni yule wa mlimani. Lakini kuogopa na kuacha ni vitu viwili. Niliendelea.

Jumamosi moja tulikwenda Mbamba Bay kununua mafuta ya taa. Shangazi akawa anasalimiana na watu nje, nikabaki na Mzee Hemedi dukani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Milima imekutupa, eeh?"

"Mzee, ziwa linaweza kushiba chumvi?"

Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Alivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa. "Kwetu pwani," akasema, "bahari yote ni chumvi. Ukinywa unatapika. Watu wanachimba mabwawa ufukweni, jua linakausha, wanazoa magunia na magunia. Hii ninayouza ilitoka huko. Na ukichukua chumvi uirudishe baharini, inayeyuka vilevile. Bahari yenyewe haijashiba, sembuse ziwa letu hili."

"Nani aliitia chumvi yote hiyo?"

"Mungu, mwanangu. Nani mwingine?"

Nikaitikia kwa adabu, lakini sikukubali. Mungu ana shida gani ya kumaliza chumvi? Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jibu langu. Huko pwani alikuwapo mtoto. Aliletewa gunia kama mimi, akaambiwa kama mimi, na baba yake akachelewa, akachelewa, naye akamimina mpaka bahari nzima ikawa chumvi. Nilimhurumia sana mtoto yule. Halafu nikamwonea wivu kidogo, kwa kuwa chumvi yake angalau watu wote waliionja, yangu hakuna aliyeijua. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu mwaka ule. Nilimsimulia mambo yangu kwa Kimatengo, akanielewa.

Mvua zikaanza. Shangazi alikuwa haingii stoo, kazi ile ni yangu, kwa hiyo hakujua gunia limeshuka kiasi gani. Kuna siku niliingiza mkono mpaka kwapani ndiyo nikafikia chumvi. Kisha ikafika asubuhi niliyolipindua gunia lenyewe nikalikung'uta ziwani, punje za mwisho zikanata kwenye vidole vyangu vilivyolowa, nikavisuuza. Nikalikunja gunia vizuri, nikalirudisha juu ya mawe. Nikaoga. Nikavaa gauni la kanisani. Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango, miguu pamoja, nikamngoja Baba.

Na asubuhi hiyohiyo, jamani, ndiyo usipa walikuwa wamejaa kuliko siku zote. Mitumbwi ilirudi imelala kwa uzito. Shangazi alikuwa amechukua mabeseni yake yote na ya jirani. Mbingu zilikuwa nyeusi, hakuna jua la kuanika samaki mbichi, kila kitu kilitegemea pipa. Maji yalikuwa tayari yanatokota.

"Mena! Chumvi!"

"Imekwisha, Shangazi!" nikamjibu. Nilisema kwa furaha. Nilikuwa natabasamu, meno yote nje.

Alinipita mlangoni akaingia. Nikasikia gunia likikunjuliwa. Alipotoka hakuniangalia. Akakimbia kwa jirani wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja akampa kiganja, maana wote walikuwa na samaki wao. Akamtuma mtu wa baiskeli kwa Mzee Hemedi. Mtu akarudi amelowa chepechepe: duka halina, meli haijaja, na barabara ya kutoka Mbinga imekatika kwa mvua. Shangazi akachemsha usipa kwa chumvi ya kuombaomba, maji yenye njaa, akawatandaza juu ya vichanja na kuwafunika kwa majani ya migomba. Mvua ikanyesha hadi jioni. Kesho yake, kabla ya saa sita, harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye nguo zetu. Akachimba shimo kwenye shamba la muhogo, akawafukia. Nilimwona anasukuma udongo kwa mguu, mgongo umeinama. Mimi nilikuwa kizingitini bado. Siku ya pili, na gauni lilelile.

Aliponawa akaja akasimama mbele yangu.

"Unamngoja nani?"

"Baba."

"Nani kakwambia anakuja?"

"Gunia limekwisha."

Akauliza polepole, "Mena, chumvi ile ulipeleka wapi?" Nikamwambia. Nilimwambia yote: kisamvu, kuni, makarai, bakuli la kila asubuhi, mpaka mtoto wa pwani. Nikafumba macho ningoje kofi, na kusema kweli nilistahili.

Kofi halikuja. Alikaa kizingitini ubavuni mwangu, ananuka samaki waliooza, tukabanana.

"Baba yako hatakuja leo," akasema. "Wala kesho. Baba yako ameoa, Mena. Alisema vile ili umwachie suruali. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikasikia, nikajua anakudanganya, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu mimi." Akapangusa pua kwa kiganja. "Gunia likiisha mimi nanunua jingine. Ndivyo lilivyo. Chumvi haimleti mtu."

Nililia mpaka nikatapika. Hakunibembeleza. "Mimi sijui kubembeleza," akasema, "lakini sitakudanganya. Ukiniuliza kitu nitakujibu." Akanishika kisogo kwa ule mkono wake mgumu, na hakuutoa mpaka nikanyamaza. Jioni tulikula ugali na maharage bila chumvi, maana nyumba nzima haikuwa na punje. Mtu asiniulize kama ulikuwa mtamu.

Sitawadanganya kwamba upweke uliisha siku ile. Ulibaki, ila sasa ulikuwa na mwenzake. Nikawa namuuliza Shangazi maswali, naye akajibu kama alivyoahidi, mengine mafupi, mengine yakiniuma. Mama aliumwa nini? Akaniambia. Baba amezaa tena? Akaniambia. Kinyasa kikaniingia chenyewe, siku moja nikajikuta namtukana mtu kwa Kinyasa kwenye kombolela na watu wote wamecheka, tena si mimi wanayemcheka. Misimu miwili ya mvua ikapita.

Baba alikuja kiangazi, nikiwa darasa la sita. Nilikuwa nageuza usipa kwenye kichanja, nikanyanyua macho, nikamwona anakuja na njia, viatu vimejaa vumbi jekundu la kwetu. Amekonda. Nilijifuta mikono, nikaenda kumpokea mfuko wake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umekuwa!"

Nikamtolea kiti, nikamletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha wageni. Shangazi alisalimiana naye, akasema ana moto wa kuangalia, akaenda jikoni. Baba alikunywa maji yote, akakishika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukuchukua," akasema. "Mama yako mdogo amekubali."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo mpaka nikatia gunia la chumvi ziwani. Nikangoja moyo uruke. Ulikaa tu. Baba hakuwa mtu mbaya, hilo nalijua sasa zaidi ya nilivyolijua siku ile. Alikuwa mtu mwoga aliyefiwa. Lakini nilimtazama pale kwenye kiti, nikaona kwamba namhurumia, na mtoto akishaanza kumhurumia baba yake hivyo hawezi tena kumshika suruali.

"Nitakuja likizo kuwasalimia, Baba," nikamwambia. "Nimjue na huyo mdogo wangu mpya."

Alikiweka kikombe chini. "Sawa, mama," akasema. "Sawa." Hakunilazimisha. Nikamsindikiza mpaka Mbamba Bay, akapanda gari la kwenda Mbinga, akanipungia mkono kupitia dirishani hadi kona. Nililia njia nzima ya kurudi, nilikuwa peke yangu, na sikujificha.

Shangazi nilimkuta jikoni, amechuchumaa ananipa mgongo, anapuliza moto. Moto wenyewe ulikuwa unawaka kweli. Hakugeuka.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

Akapuliza tena. "Na wewe je?"

"Mimi nipo, Shangazi."

Akaacha kupuliza. Alivuta kanga yake akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika, na ndipo nilipojua kwamba tangu asubuhi, huko jikoni, alikuwa anangoja kuachwa.